Je, wajua kwa nini sehemu "kali" ya nafsi haifai kufukuzwa?

Mtu anafungua kabati na kukuta gauni asilokumbuka kulinunua. Risiti imo kwenye mfuko, ya jana, saa kumi jioni. Anachokumbuka yeye ni kwamba saa nane alikuwa kazini, kisha ghafla ni usiku na yuko nyumbani. Anayeishi na nafsi zilizotengana, yaani sehemu za nafsi zinazopokezana kumwongoza, huyajua mapengo haya, na wengi huyaficha miaka nenda miaka rudi wasije wakaitwa waongo au vichaa.

Mwaka 1994 wataalamu wa akili wa Marekani waliacha kuiita hali hii "haiba nyingi", wakaiita utambulisho uliotengana. Walikuwa na sababu. Hapa hakuna watu kadhaa walioingia mwili mmoja. Ni mtu mmoja ambaye nafsi yake haikupata nafasi ya kushikamana utotoni. Mtoto akilelewa kwa usalama, hisia na kumbukumbu zake hushonwa taratibu zikawa kitu kimoja. Anayeumizwa tena na tena, mara nyingi na yuleyule anayemlisha, hana pa kukimbilia. Akili inamgawia mzigo: sehemu moja inabeba maumivu, nyingine inakwenda shule na kucheka na wenzake. Bila hivyo, angewezaje kuamka asubuhi na kumwambia mtu huyo "shikamoo"?

Sasa iangalie ile sehemu "kali", inayotukana na kumkataa mshauri. Mara nyingi ndiyo iliyomkataza mtoto kulia, kwa sababu kilio kilileta kipigo. Ukiiamuru itoke, inasikia tishio lilelile la zamani, na inazidi kukaza. Ukiiuliza kwa upole inaogopa nini kitatokea, huanza kulegea. Ndiyo maana tiba nzuri huzikaribisha sehemu zote, hata ile inayoudhi.

Kwetu pwani wapo watakaosema ni pepo. Si kila anayepandisha ni mgonjwa. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013 wenyewe hauhesabu kuwa ugonjwa jambo ambalo ni sehemu ya kawaida ya mila au dini inayokubalika. Lakini kumfunga mtu kamba na kumchapa ili "pepo amtoke" ni kumrudishia jeraha lilelile lililomgawa. Hilo naliomba likome.

Hakuna dawa ya kuunganisha nafsi. Vidonge husaidia huzuni, hofu au usingizi. Kazi kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, kwa miaka: kwanza usalama, kumbukumbu chungu baadaye sana. Wengine mwishowe huwa nafsi moja, wengine huchagua sehemu zao ziishi kwa kuelewana, na uamuzi huo ni wao.

Wewe wa nyumbani usimchimbe akusimulie yaliyompata. Akianza kupotea, macho yakitazama mbali na sauti ikawa ya kitoto, usimshike ghafla. Mpe glasi ya maji baridi aishike, akanyage sakafu, kisha mwambie polepole: "Leo Jumanne. Uko kwangu, jikoni. Mlango tumeufunga, hakuna anayekuja."