Mdudu-kibibi hupitaje baridi, na huku Tanga hupitaje kaskazi?

Mchana ukianza kufupika, mdudu-kibibi wa Ulaya, yule mbawakawa mdogo wa mviringo mwenye madoa, hujiandaa kabla baridi yenyewe haijafika. Hula vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea, kwa pupa, chakula kikageuka mafuta ya akiba tumboni, na jike huacha kutunga mayai. Kisha hutafuta pa kujibanza: yule wa madoa saba huingia chini ya majani makavu au mashinani mwa nyasi. Spishi nyingine, Hippodamia convergens wa California, hupanda milima ya Sierra Nevada na kurundikana kwa maelfu, harufu ya mmoja ikimwita mwingine. Mwili ukipoa, akiba hutumika kidogo kidogo, na maji ya mwilini huweza kubaki bila kuganda nyuzi kadhaa chini ya 0.

Watu hudhani barafu ndiyo adui pekee. Anayelala palipolowa hushambuliwa na kuvu aitwaye Beauveria bassiana. Utamkuta amekauka, unga mweupe umetokeza kwenye maungio. Anayeingia nyumba iliyopashwa moto huamka, huzungukazunguka dirishani, na huimaliza akiba yake kabla vidukari hawajarudi.

Huku kwetu Tanga mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata kwa saa moja, wala hakuna barafu. Spishi zetu, kama Cheilomenes, huendelea kuzaa hata kipupwe, mradi vidukari wapo. Miezi migumu ni ile ya kaskazi, Januari na Februari: kunde zimekwisha vunwa, jua kali, vidukari wametoweka. Hapo hubanwa na njaa, na hujikimu kwa chavua na maji matamu ya maua. Ndiyo maana nasisitiza: usifyeke shamba likabaki jeupe. Acha mstari wa giligilani au alizeti uchanue, na majani makavu yabaki kwenye kivuli cha mpaka.

Kosa linaloniuma zaidi ni la bomba la dawa. Geuza jani la kunde lenye vidukari. Ukiona vijiyai vya manjano vimesimama wima, vimebanana kama mahindi kwenye gunzi, hao ni wadudu-kibibi. Kwenye joto letu huanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: mrefu, mweusi-kijivu, miguu 6, ana madoa ya rangi ya chungwa, umbo la mamba mdogo. Wakulima wengi humpulizia dawa wakidhani ndiye mharibifu. Ukimwona, weka bomba chini, hesabu vidukari kwenye mashina 10, rudi baada ya siku 3 uhesabu tena. Wakiwa wamepungua, mwache aendelee na kazi.

Ila kuna ndugu yake mmoja asiyestahili huruma hiyo, Epilachna, anayekwangua majani ya maboga na biringanya. Mgongo wake haung'ai, una vinyweleo vifupi. Mtoto wake ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi. Huyo mwokote kwa mkono asubuhi na mapema, umtumbukize kwenye maji ya sabuni.

Na ukikuta majimoto au sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, ujue wanawalinda vidukari kwa ajili ya maji matamu wanayotoa, na humfukuza mdudu-kibibi. Kata matawi yanayogusana na mti wa jirani, njia yao ikatike.