Intaneti imekatika baada ya apdeti? Usikimbilie kupiga Windows

Wiki hii pekee nimeletewa laptopu tatu hapa Chake na zote maneno yale yale, "fundi nipigie Windows, tokea ifanye apdeti haishiki waifai," yaani wanataka kila kitu kifutwe na Windows iwekwe upya. Jamani hapana. Nishasema sana kwa mdomo, sasa naandika.

Kinachoharibika hapo mara nyingi ni draiva ya kadi ya waifai tu, yaani ile programu ndogo inayoifanya Windows ielewane na kadi. Apdeti imeleta draiva mpya, ya zamani imewekwa pembeni, na hio mpya haielewani na kadi yako, basi. Faili zako hazijaguswa hata moja. Mwalimu mmoja wa skuli kutoka Wete alipigiwa Windows na fundi mwengine kwa tatizo hili hili, maksi za wanafunzi za mihula miwili zikapotea zote, na mashine ikarudi bado haina waifai, maana Windows mpya nayo si lazima ije na draiva ya kadi yako! Yule mama alikaa dukani kwangu analia na mimi sina cha kumrejeshea. Ndo mana hili linaniuma.

Fanya hivi kabla ya kupiga Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, piga enta. Fungua sehemu ya adapta za mtandao uitazame kadi yako. Ikiwa na kimshale kinachotazama chini, imezimwa tu, iwashe. Ikiwa na pembetatu ya njano draiva ndo mgonjwa, ingia kwenye propati zake, tabo ya draiva, kuna kitufe cha kurudisha draiva ya nyuma, kibonyeze kisha ristati. Kitufe kikiwa kimefifia maana yake ya zamani haikuhifadhiwa, hapo ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, tafuta kwa namba ya modeli yako udaunlodi draiva ya waifai.

Utanambia yakhe ntadaunlodi vipi na intaneti sina. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa tetheringi ya USB (kugawa intaneti ya simu kwa waya) kwenye setingi za simu, kompyuta itapata intaneti bila ya kuhitaji hio kadi ya waifai. Ila hapo hapo ueke ule mtandao kuwa ni wa kulipia kwa kipimo (metered) kwenye setingi za Windows, la sivyo Windows itaanza kushusha apdeti nyengine na bando lote likaondoka kabla hujapata draiva yenyewe.

"Nishazima nikawasha, haikusaidia." Hujaizima. Tokea Windows 8 kuna kitu cha kuwasha haraka, ukibonyeza kuzima sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski na draiva zinarudi na hali ile ile ya mwanzo. Ristati ndo inaanza upya kweli, au shikilia Shift unapobonyeza kuzima. Mimi kila mashine inayokuja naanza na hili kabla sijagusa chochote, na zipo zinazopona hapo hapo.

"Waifai imekonekti, kwa hio kosa ni la kampuni ya mtandao." Tazama simu yako kwenye rauta ile ile, ikiwa inafungua basi kampuni haina kosa. Fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, andika ipconfig. Ukiona adresi inaanzia na 169.254 kompyuta imejipa adresi yenyewe kwa sababu haikupewa na rauta, andika ipconfig /renew. Ikigoma, netsh winsock reset kwenye CMD uliyoifungua kama admini, halafu ristati.

"Kadi imeungua." Kama inaonekana kwenye devmgmt usinunue kadi mpya kwanza.

"Bora nizime apdeti maisha." Hapana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu dunia nzima, kiraka cha Microsoft, yaani apdeti ya kuziba tundu lile, kilikuwa kishatoka tokea Machi, walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Apdeti iliyokusumbua unaweza kuisimamisha kwa wiki chache au kuiondoa hio moja, na kama ni ile kubwa ya kubadilisha toleo una siku 10 za kurudi nyuma.

Ukishindwa kote huko nletee, ila njoo na simu ya Android na waya wake pamoja na chaja ya laptopu. Faili zako zitabaki pale pale zilipo.