Mshono wa bodi si ufa

"Fundi, hapa pana ufa, jaza pati ulainishe." Juzi nimeambiwa tena, mwenye gari akipitisha kidole pale madigadi ya nyuma yanapokutana na bodi ya Volkswagen Beetle. Hapana. Huo si ufa. Madigadi ya Beetle hufungwa kwa bolti, na utepe unaokaa kati yake na bodi uliwekwa na kiwanda kwa makusudi. Ukijaza pati pale, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, gari likianza kukanyaga mashimo kila bati litatikisika kivyake, na pati haina mnyumbuko. Itapasuka, na rangi itapasuka nayo.

Bodi ya gari la zamani haikumiminwa kipande kimoja. Ni mabati ya unene wa milimita moja hivi, kingo zimelaliana na kushikwa kwa nukta za weldi. Kati ya nukta na nukta mabati yamegusana tu. Maji yakifika hapo hunyonywa ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, kisha yanakaa. Kutu inayozaliwa humo huvimba, maana inadai nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Ndiyo sababu mshono uliooza hutuna kati ya nukta, kama godoro lililoshonwa vifungo. Ukiona umbo hilo, msasa wa juu haukusaidii kitu.

Mwezi uliopita nilipiga patasi kwenye boksi la chini ya mlango lililokuwa laini kama yai. Pati iling'oka kipande cha urefu wa kiganja, upande wake wa ndani una rangi ya chai, umelowa. Pati hunywa maji. Aliyeipaka aliamini ameziba, kumbe amekilaza chuma chini ya kitambaa kibichi. Tena alikuwa ameyaziba matundu ya kutolea maji!

Lakini silikoni ndiyo inayonikasirisha hasa. Ile yenye harufu ya siki inanuka hivyo kwa sababu inapokauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inakula chuma kilekile unachotaka kukilinda. Halafu rangi haishiki palipoguswa na silikoni. Nimeshinda siku nzima nikikwangua na kufuta mshono mmoja, na bado praima, rangi ya kwanza ya chini, ilikimbia ikaacha vidoa kama macho ya samaki. Tumia silanti ya mshono, yaani dawa ya kuzibia, ya poliurethani, juu ya praima ya epoksi iliyokauka.

Kazi yenyewe haina siri. Toboa nukta kwa keekee ya kukatia weldi, milimita 8, bati la juu tu. Tenganisha, safisha hadi chuma king'ae, kata kilichooza. Bati jipya litoboe matundu, paka praima ya zinki kwenye kingo, isugue itoke pale weldi itakapoingia, bana kwa koleo, kisha jaza matundu kwa weldi ukirukaruka ili joto lisikunje bati. Usiweke weldi ya mstari mzima. Ukimaliza kupaka rangi, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mapango ya bodi.

Hiyo praima ya zinki, nikiri, hainiridhishi. Joto huiunguza kuzunguka kila weldi, pale pale inapohitajika zaidi. Naendelea kuipaka, ila imani yangu iko kwenye nta. Na mshono unaoonekana mzima? Nimewahi kufungua uliokuwa safi kabisa ndani nikajuta, na nimewahi kuuacha mwingine ukanirudia unatokwa na maji ya kutu.

Ipo mishono ambayo kiwanda chenyewe kiliificha, kwa lihamu ya risasi na stani. Hiyo ifiche tena, lakini risasi ichonge kwa tupa, kamwe usiipige grainda: vumbi lake ni sumu. Osha flaksi yote, ile dawa inayosaidia lihamu kushika, la sivyo rangi itatoa malengelenge. Ila Mini ya 1959, lile gari dogo la Kiingereza, ilitoka na mishono ikionekana, kingo zimegeuziwa nje. Anayeisawazisha anaondoa sura ya gari.

Beetle lile bado liko kwangu. Bolti mbili za madigadi zimekatikia ndani, nazitoa kesho. Utepe mpya uko mezani.