Mwanamke kwa Wamormoni: Yasemwayo Mtaani na Yalivyo

"Mmormoni huoa wake wengi." Tuanze na hili tulimalize. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo jina lenyewe, lilitangaza kuacha mitara mwaka 1890, kisha likakaza kamba 1904. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua mitara katika ndoa ya kimila. Kanisa hili haliitambui. Muumini anayeingia humo akijua huitwa mbele ya baraza na kuondolewa uanachama.

"Kiongozi wa akina mama kazi yake ni chai na mandazi." Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama ulianzishwa 17 Machi 1842 huko Nauvoo, Illinois, na rais wake wa kwanza alikuwa Emma Smith. Siku hizi rais wa muungano huo katika kata, yaani ushirika wa mtaa, huitwa na askofu anayeongoza kata hiyo, waumini huinua mikono kumkubali, naye hupendekeza majina ya washauri wake. Huketi katika baraza la kata, na neno lake huko lina uzito.

Uzito huo huonekana nyumba ikiishiwa. Tuseme mama wa Kayole amekosa kibarua. Askofu anaweza kumtuma rais amtembelee: unga umebaki kiasi gani, watoto ni wangapi, kodi imechelewa miezi mingapi, ni jamaa yupi anaweza kusaidia. Anaandika mahitaji na kuyarudisha kwa askofu. Msaada hutoka katika sadaka ya mfungo, ambayo kwa kawaida hutolewa Jumapili ya kwanza ya mwezi, waumini wanapoacha milo miwili. Anayeidhinisha ni askofu, na kodi hulipwa kwa mwenye nyumba badala ya kumshikisha mhitaji pesa taslimu. Mambo huharibika rais akiahidi pesa pale mlangoni, kwa kuwa sahihi si yake. Huharibika pia askofu akiidhinisha bila kumsikiliza: kodi inalipwa, sufuria inabaki tupu.

"Basi mamlaka yao ni sawa na ya wanaume." Hili husemwa na waumini wenyewe wakitetea kanisa lao, nalo si kweli. Mvulana huweza kutawazwa katika ukuhani kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12. Mama yake hatawazwi. Ndiyo maana hakuna askofu, rais wa kigingi (kundi la kata kadhaa) wala mtume mwanamke. Mwaka 2014 Dallin H. Oaks, wakati huo mtume, alifundisha kwamba mwanamke aliyesimikwa katika wito, yaani kazi aliyopewa kanisani, hutenda kwa mamlaka ya ukuhani. Funguo, yaani haki ya kuelekeza mamlaka hayo, wanashika wanaume. Mwaka huohuo Kate Kelly, aliyeongoza kampeni ya kutaka wanawake watawazwe, alitengwa na kanisa.

"Ibada takatifu haziwahusu." Katika mahekalu, likiwemo la Nairobi lililowekwa wakfu 18 Mei 2025, wanawake huwahudumia wanawake wenzao ibada ya kuoshwa na kupakwa mafuta. Tangu Oktoba 2019 wanaweza pia kuwa mashahidi wa ubatizo. Mimbarani siku ya Jumapili wanahubiri na kuomba kama kawaida.

Ukisikia kwamba Wamormoni wamemtawaza mwanamke, uliza kwanza ni kanisa gani. Community of Christ, lenye mizizi pia kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni, limekuwa likitawaza wanawake tangu 1985.