Nini maana ya kusoma Katiba kama raia?

Kusoma Katiba kama raia ni kuishika nakala yenyewe, badala ya kusimuliwa, na kuiuliza kila ibara: nani amepewa madaraka hapa, madaraka hayo yanaishia wapi, na nikionewa niende kwa nani? Mwanasheria huisoma akitafuta hoja ya kesi, mwanafunzi huisoma kwa ajili ya mtihani. Raia anaisoma kwa sababu anatawaliwa kwayo kila siku.

Watanzania tuna bahati moja kubwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, yenye sura 10 na ibara 152, iko kwa Kiswahili. Sentensi zake ni ndefu, zinataka utulivu, lakini hazihitaji mkalimani.

Chukua Ibara ya 8, inayonukuliwa sana majukwaani: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Anayeisikia jukwaani huishia hapo. Anayeisoma anaona kwamba ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, pamoja na Ibara ya 11 inayozungumzia haki ya kufanya kazi na kujipatia elimu. Akirudi nyuma kidogo anakutana na Ibara ya 7(2), inayosema masharti ya Sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Serikali ina wajibu wa kuyazingatia, ila huwezi kwenda mahakamani kuibana kwa hayo peke yake. Jambo zito kama hilo linastahili kujulikana na kila mtu, na bado wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Sehemu ya Tatu ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo zilipo haki za kuishi, usawa, faragha, maoni na kumiliki mali. Hapo pia, katika Ibara ya 13(6), imekatazwa kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Na Ibara ya 30(3) inakupa mlango: ukidai sharti la Sehemu hiyo limevunjwa, linavunjwa, au inaelekea litavunjwa, unaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Maana yake si lazima usubiri uumie kwanza.

Macho ya raia hujifunza pia kusimama kwenye maneno madogo. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, lakini imeanza na “bila ya kuathiri masharti ya Ibara ya 39, ya 47 na ya 67”. Fungua hiyo ya 67 uone sifa za mbunge: lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama. Mjadala wote wa mgombea binafsi umejificha kwenye maneno hayo machache. Ukiyaruka, utabishana usiku kucha bila kujua mnabishania nini.

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, kwa hiyo aliye huko asome zote mbili. Kabla ya kuanza, angalia nakala yako ni ya lini. Katiba hii imefanyiwa marekebisho mara nyingi, yakiwemo ya 14 ya mwaka 2005, na nakala ya zamani inaweza kukupa ibara ambayo maneno yake yameshabadilishwa.