Je, wajua kwa nini neno "run" la Kiingereza lina maana zaidi ya 600?

Ushawahi kukutana na sentensi "she runs a school" ukatafsiri "anakimbia shule"? Hapo mwenye shule umeshamgeuza mtoro. Ndo shida ya "run", ukishakariri kwamba ni kukimbia basi kila ukiiona unaona miguu tu.

Wahariri wa kamusi ya Oxford, ile kubwa kabisa, walipoipitia upya walihesabu maana 645, tena za kitenzi peke yake. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambayo kwenye toleo la 1989 ilikuwa na maana kama 430 hivi.

Sasa imefikaje huko? Ni kwamba toka zamani sana hili neno halikuwa la miguu tu, lilikuwa la maji pia. Kijerumani kina ndugu yake, "rinnen", na mpaka leo maana yake ni kutiririka au kuchuruzika. Yaani ndani ya "run" kuna kitu kinachokwenda bila kukatika, na ukishashika hapo mengi yanafunguka yenyewe, bomba likiachwa wazi maji yana-run, pua ya mwenye mafua ina-run, hata nguo ikichuja kwenye maji wanasema rangi ina-run. Baadaye zikaja mashine na treni, nazo zinakwenda tu, zikapewa neno hilohilo, mpaka programu za kompyuta. Na yule anayeifanya mashine iende, naye ana-run mashine, kutoka hapo kufika kwenye kuendesha kampuni au shule si mbali.

Kuna jambo lingine ambalo mimi hunifurahisha sana. Sisi kitenzi chetu tunakibadilisha mkia: kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana. Kiingereza hakina mkia huo, kinaliacha neno lilivyo halafu kinabandika kaneno nyuma, kwa hiyo "run after" ni kimbiza na "run to" ni kimbilia. Hizo nyepesi, ila kuna vineno vinavyogeuza kila kitu: "run out of time" ni kuishiwa muda, "run into a friend" ni kukutana na rafiki bila kupanga, "run for president" ni kugombea urais.

Mi nikiiona siku hizi naangalia kwanza kinachofuata. Kikiwa shule, duka au mashine, mara nyingi ni kuendesha, kikiwa kaneno nasoma vyote viwili kama neno moja.