Tawi linalozaa ndilo hupogolewa: dhana potofu kuhusu kukua kiroho

Wengi waliomsikiliza Yesu kule Galilaya waliijua ngano, mizabibu na mitini tangu utoto. Aliposema mbegu au tawi, hawakuhitaji kuelezwa kazi yenyewe inavyofanyika. Sisi tumeyaongezea maneno hayo maana ambazo mkulima yeyote angezikataa, na waumini wengi wanaumia kwa sababu hiyo.

Dhana: Mungu akikupogoa, amekukasirikia.

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mtu anapoteza kazi au anavuliwa uongozi wa kwaya, na wa kwanza kumtembelea anamuuliza ametenda dhambi gani. Hebu tusome Yohana 15:2 polepole: “Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa.” Kulisafisha tawi ni kulipogoa, na linalopitishiwa mkasi hapo ni tawi linalozaa.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma, kule Makutupora au Hombolo, hawashangai. Zabibu yao huvunwa mara mbili kwa mwaka, na bila kupogoa hakuna mavuno ya maana, kwa sababu zabibu huzaa kwenye machipukizi mapya. Mkulima hukata sehemu kubwa ya matawi ya msimu uliopita, akabakiza vipande vifupi vyenye macho machache ya kuchipua. Shina hubaki uchi kwenye waya, na mara nyingine maji hutiririka pale mkasi ulipopita. Mgeni akipita siku hiyo atadhani shamba limeharibiwa. Mwenye shamba anajua kwamba mzabibu ulioachwa utambae utakavyo hujaa majani, na vichala vyake huwa vidogo na vya ovyo.

Kuna jambo lingine tunaloliruka. Mstari wa 3 unasema: “Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia.” Kwa hiyo chombo anachokitaja Yesu hapo ni neno lake, si ugonjwa wala msiba. Ni kweli Waebrania 12 inafundisha kwamba Mungu huwarudi wanawe, yaani huwaadabisha, lakini hata huko ni baba anayemlea mwana. Kumwambia mfiwa kwamba “anapogolewa” ni kumtwika mzigo ambao andiko hili halikumpa.

Dhana: Anayekua kweli huonekana upesi.

Katika mfano wa mpanzi wa Mathayo 13, mbegu zinazotajwa kuota mara ni zile za penye miamba, na sababu imeandikwa: udongo haukuwa na kina. Jua lilipokaza, zikanyauka kwa kukosa mizizi. Hata hivyo tunamkabidhi maikrofoni mtu aliyeokoka juzi, kisha tunashangaa akianguka. Sheria ya Musa ilikuwa na subira zaidi: Walawi 19:23-25 iliwakataza Waisraeli kula matunda ya mti mpya kwa miaka 3, ya mwaka wa 4 yakawa ya kumsifu Bwana, na ya mwaka wa 5 ndiyo wakala.

Dhana: Nisipokua, ni kwa sababu sijajitahidi vya kutosha.

Mpanzi wa Marko 4:26-29 analala na kuamka, na mbegu inakua “asivyojua yeye”. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombania walimu: “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.” Kupanda na kumwagilia ni kazi halisi, na kusoma Neno na kuomba kila siku kuna nafasi hiyohiyo. Ila hakuna aliyewahi kurefusha mche kwa kuuvuta.

Dhana: Mkristo aliyekomaa hung'oa magugu kanisani.

Watumwa wa mfano wa ngano na magugu, pia katika Mathayo 13, walitaka kufanya hivyo, wakakatazwa wasije wakang'oa na ngano pamoja nayo. Gugu linalodhaniwa kutajwa hapo hufanana mno na ngano hadi masuke yatoke. Yesu mwenyewe anafafanua kwamba konde ni ulimwengu na wavunao ni malaika. Tusichanganye magugu hayo na miiba ya mfano wa mpanzi, ambayo ni “shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali”. Hiyo huota ndani ya moyo wa mtu mwenyewe, na hakuna katazo lolote la kuipalilia.